Upande wa Ndani wa Kalibu

Kitabu ninachotaka kukizungumzia hakina jalada. Lilichanika siku nyingi, kikiwa bado kinazunguka mikononi mwa wakufunzi wa chuo nilichokiongoza, na mkutubi wetu, mtu asiyependa kuona kitabu kikitembea uchi, akakivika karatasi ya kaki na kuandika juu yake kwa wino mweusi neno moja tu: MAGARI. Hivyo ndivyo kilivyokaa kwenye rafu kwa zaidi ya miaka 20, kati ya mwongozo wa kutengeneza pikipiki na kijitabu cha sheria za barabarani. Mkutubi alikosea, lakini si sana. Ni mkusanyo wa makala za Mmarekani Tom Wolfe, uliotoka mwaka 1965, na jina lake, The Kandy-Kolored Tangerine-Flake Streamline Baby, lingemshinda mkutubi yeyote kulienea kwenye karatasi ya kaki.

Kililetwa na kijana wa Kimarekani aliyekuja kutusaidia kufundisha Kiingereza kwa miaka miwili, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alipoondoka aliniachia vitabu vitatu, na hiki alinipa kwa mkono wake akisema kwamba nikikisoma nitaielewa nchi yake. Nilikisoma, sikuielewa nchi yake. Nilikisoma tena nilipostaafu mwaka 2009, nikakifurahia. Mara ya tatu nilikisoma mwaka 2018, baada ya kukaa majira ya joto katika gereji ya mtu mjini Sacramento, na safari hiyo nilikasirika. Kwa sehemu nilimkasirikia Wolfe. Kwa sehemu kubwa zaidi nilijikasirikia mwenyewe, na nitaeleza kwa nini, ingawa si jambo ninalopenda kulieleza.

Kwanza msomaji anayeishi mbali na mambo haya aelewe kinachozungumzwa. Katika miaka ya 1930, kusini mwa California, vijana wasio na fedha walikuwa wakinunua magari chakavu ya Ford, wanayavua mabawa, bampa, na kila kilichoongeza uzito, wanaichokonoa injini, kisha wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Gari la namna hiyo likaja kuitwa hotirodi. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa Ford ya mwaka 1932, kwa sababu ndiyo Ford ya kwanza kupewa injini ya silinda 8 kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuifikia. Mwaka 1937 vilabu vya mbio hizo viliunda chama, na mwaka 1948 likaanzishwa jarida lenye jina la Hot Rod. Pembeni yao walikuwapo mafundi wa tabia nyingine, ambao mwendo haukuwashughulisha sana. Wao walilipenda umbo. Walikata paa wakalishusha, wakaziba mishikio ya milango, wakarefusha mkia wa gari, wakapaka rangi tabaka juu ya tabaka hadi mtu akajiona usoni kama kwenye kisima. Hao waliandika neno lao kwa herufi K pale Kiingereza kinapotaka C, na ndiko zilikotoka K mbili za jina la kitabu.

Makala iliyokipa kitabu jina ilitoka kwanza katika jarida la Esquire mwaka 1963. Kisa cha kuandikwa kwake kinajulikana. Wolfe alikwenda California, akaona, akarudi New York, na kalamu ikamgomea kabisa. Mhariri wake, Byron Dobell, akamwambia achape tu maelezo aliyokusanya, wampe mtu mwingine ayaunge. Wolfe akakaa usiku kucha akaandika kurasa 49 kwa namna ya barua kwa mhariri huyo. Dobell akafuta maamkizi ya mwanzo na kuchapisha yaliyobaki. Mimi niliyesahihisha insha kwa zaidi ya miaka 30 ningeijaza makala hiyo wino mwekundu tangu juu hadi chini. Kichwa chake cha awali kilikuwa na milio ya injini ndani yake! Sentensi zinaanza hapa zinaishia kule, alama za mshangao zimemwagwa kama mchele. Na bado inasomeka, kwa sababu mwandishi amekiona kitu, na hataki msomaji apitwe.

Alichokiona ni hiki. Wakati ule watu wa makumbusho na vyuo vikuu vya Marekani hawakuwa na neno la kusema juu ya vijana hawa isipokuwa la kubeza. Wolfe, mwenye shahada ya udaktari kutoka Yale, alisimama mbele ya gari lililotengenezwa kwenye karakana ya George Barris kule North Hollywood akasema: hii ni sanaa, na aliyeitengeneza ni msanii kama wale mnaowanyenyekea. Akathubutu kusema kwamba magari yalikuwa na maana kubwa zaidi kwa vijana hao kuliko usanifu wa majengo ulivyokuwa kwa Ulaya kati ya miaka ya 1750 na 1850. Aliipambanisha mikunjo na mawimbi ya Barris na mistari iliyonyooka ya Mondrian. Ed Roth, fundi mwenye vituko, alimfananisha na Salvador Dalí. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kituo cha matatu Nairobi na kutazama basi linavyoingia limepakwa rangi hadi kwenye rimu za magurudumu hatabisha haraka. Nampongeza Wolfe kwa ushujaa huo, na ninachokisema hapa chini hakiuondoi.

Lakini tazama anasimama wapi anapotazama. Amesimama mlangoni. Gari limekwisha kung'arishwa, taa zinawaka, vijana wanapita na kushangaa, na yeye anashangaa pamoja nao. Kwa umbo na rangi ana maneno mia. Kwa kazi ya mikono ana machache, na hayo anayapitia kama mtu anayepita jikoni akielekea mezani. Anasikitika kwa niaba ya Barris kwamba kampuni kubwa za Detroit zilichota mawazo ya mafundi wadogo na kuyafanya yao. Ni malalamiko ya haki. Ila swali linalokuja mara moja baada ya malalamiko hayo hakuliuliza. Umbo hutokaje kwenye mikono ya mtu mmoja na kuingia kwenye mikono ya mwingine? Ni lini kunakili ni wizi, na ni lini ni kazi?

Mimi pia nisingeliuliza, kama si yule jirani wa binti yangu.

Binti yangu ni muuguzi huko Sacramento, na mwaka 2018 alinikaribisha nikae naye miezi mitatu. Nilifika Julai, miezi miwili baada ya Wolfe kufariki. Joto lilikuwa la nyuzi 40, la kukausha midomo, si kama joto letu la Tanga linalomlowesha mtu. Siku ya pili, jioni, nilisikia harufu ikija juu ya ua, kali, tamu kidogo, ya kupanda kichwani, nikaijua. Ni harufu ya rezini. Nimeishi karibu na ufuko ambako boti za faiba zinatengenezwa na kuzibwa, ziliposhika nafasi ya mitumbwi miti mikubwa ilipoadimika. Nikaifuata pua yangu. Jirani, fundi bomba mstaafu wa umri unaolingana na wangu, alikuwa ndani ya gereji yake akiunda Ford ya mwaka 1932.

Nasema akiunda, naye mwenyewe alicheka neno hilo nilipolitumia. Bodi aliinunua. Ilikuwa ya faibaglasi, imetolewa kiwandani katika kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye Ford ya zamani, na chesisi nayo ilikuwa mpya, imechomelewa kwa kufuata vipimo vya kale. Ndani ya gari lile, aliniambia, hakuna hata msumari mmoja uliowahi kumjua Henry Ford. Alikuwa mwaka wa sita wa kazi hiyo. Nikajiuliza, kimoyomoyo kwa sababu ya adabu, ni kazi gani hiyo ya miaka sita, ikiwa bodi imenunuliwa na chesisi imenunuliwa.

Jibu nililiona kwa macho katika wiki zilizofuata, maana nilianza kwenda kila asubuhi kabla jua halijakolea. Akanitengea kiti, baadaye akanipa glovu na kinyago cha kuchuja hewa. Alikuwa akiniita Profesa, cheo nisichokuwa nacho, na nilichoka kumsahihisha.

Bodi ya faibaglasi ikitoka kiwandani ni ganda tupu kama kifuu. Inalegea. Ukiibeba kwa pembe moja, mlango wa upande wa pili unakataa kufunga. Kwa hiyo lazima ijengewe mifupa ya chuma kwa ndani, na mifupa hiyo ifungwe bodi ikiwa imekaa kwenye chesisi yake hasa, si sakafuni, la sivyo itakakamaa katika umbo la makosa na kubaki hivyo maisha. Yeye alikosea mara ya kwanza. Alikata yote akaanza upya, na kosa hilo peke yake lilikula mwaka mmoja. Kisha kuna umeme. Katika gari la bati, bodi yenyewe ni njia ya kurudishia umeme kwenye betri, na fundi huunga waya mmoja tu kwenye taa. Kioo hakipitishi umeme. Kila taa, kila honi, kila kipimo kwenye dashibodi kinahitaji waya wa pili wa kurudi. Aliyezoea magari ya chuma atatafuta kutwa nzima kwa nini taa haiwaki, na kosa halipo kwenye taa. Kitu kama hicho hakionekani kwenye maonyesho hata ukizunguka gari mara kumi. Nafasi kati ya mlango na bodi nayo, ambayo mtazamaji huiona kama mstari mwembamba tu, ilimgharimu majira mazima ya baridi kwa msasa.

Hata hivyo kilichonifungua macho kilikuwa kipande kimoja alichokitengeneza mwenyewe tangu mwanzo. Injini aliyoichagua ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko ile ya asili, na kifuniko cha injini hakikufunga. Kilihitaji nundu. Akachukua kifuniko cha kawaida, akajenga nundu juu yake kwa povu gumu na pati, akaisugua kwa msasa kwa wiki tatu, akihama kutoka msasa mkali hadi ule laini unaotumika na maji, huku akifumba macho na kupitisha kiganja. Aliniambia kiganja kinaona bonde ambalo jicho linalisamehe. Kilipokuwa tayari, kinang'aa kama sahani, nilidhani kazi imekwisha, nikampa hongera.

Akanitazama kwa huruma. Kile kilikuwa kiolezo tu. Kitakwenda jalalani.

Juu yake alipaka nta tabaka kadhaa, akaimwagia rezini na kuilaza mikeka ya nyuzi za kioo, ikaganda, akaibandua. Sasa alikuwa na kalibu: nundu imekuwa shimo, na uzuri wote umehamia upande wa ndani. Ndani ya kalibu hiyo akaanza tena. Nta. Kisha tabaka la rezini ya juu, ile itakayokuwa uso wa kifuniko, nayo hupakwa kwanza. Kisha mikeka ya nyuzi, moja baada ya nyingine, kila mmoja ukiloweshwa na kukandamizwa kwa rola ndogo ya chuma ili hewa itoke, maana kila povu la hewa litakalobaki litapasuka siku gari litakapokaa juani. Fundi anafanya kazi kwa kinyume, kutoka nje kuja ndani, akiwa nyuma ya kitu ambacho uso wake hauoni. Anaujua kwa imani. Mkwaruzo ulioachwa ndani ya kalibu utazaliwa pamoja na kila mtoto atakayetoka humo.

Mimi nilikabidhiwa rola. Siku moja nilikabidhiwa na kikombe, na hapo ndipo nilipopata aibu. Rezini hiyo haigandi mpaka itiwe hadina, kiasi cha sehemu 1 au 2 tu kwa kila 100, na joto la siku likizidi kinapunguzwa. Nilipima kwa jicho, kama mama anavyotia chumvi. Baada ya dakika chache kikombe kilianza kuniunguza vidole, kisha kikafuka moshi, na rezini yote ikawa jiwe lenye nyufa. Fundi alikipiga teke kikaruka hadi uani. Binti yangu aliyekuwa akianika nguo alipaza sauti, "Baba, rudi ndani, hiyo kitu itakuua!" Nilirudi ndani. Kesho yake nilikwenda tena.

Siku ya kukitoa kifuniko alipigiza pembezoni kwa nyundo ya mpira na kuchomeka kabari za mbao. Kililia kama ubao unaopasuka, kikaachia. Kilikuwa kimoja tu. Lakini kalibu ilibaki ukutani, na mwenziwe wa mtaa wa pili mwenye injini kama yake akaja kuiazima. Akatengeneza cha kwake kwa siku mbili.

Hapa narudi kwa Wolfe. Wapenzi wa hotirodi wana ugomvi wao wa zamani: wenye bati la asili la mwaka 1932 wanawatazama wenye faibaglasi kama watu waliovaa dhahabu ya bandia. Hoja yao si ya kipuuzi. Bati lile lina historia, lilipigwa na kunyooshwa na watu waliokwisha kufa, nalo limebaki adimu. Nami naongeza kwamba magari mengi ya faibaglasi niliyoyaona kwenye maonyesho ya mtaani kule yalikuwa yamefanana hadi kuchosha: umbo moja, nyekundu au ya manjano, magurudumu yaleyale yanayong'aa. Mtu amelipa fedha nyingi, akaletewa maboksi, akayafunga. Ukimuuliza alichokiamua mwenyewe katika gari lile, atakuonyesha rangi ya viti. Mkosoaji aliyesimama mlangoni, akiwa na umbo na rangi tu mkononi, hana namna ya kumtenganisha mtu huyo na jirani wa binti yangu. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona katika makala maarufu ya Wolfe. Alisema kweli kwamba hawa ni wasanii, lakini kwa kipimo chake kila mwenye gari linalong'aa ni msanii, na kipimo kinachompa kila mtu alama 80 si kipimo.

Kasoro hiyo inamwumiza zaidi Ed Roth, ambaye nadhani alikuwa mkubwa kuliko Barris, ingawa Wolfe alimpa Barris kiti cha mbele. Barris alirithi magari ya Detroit na kuyabadili. Roth hakuwa na fedha za mafundi wa bati wala mashine za kulikunja. Faibaglasi ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kwamba inaweza kubeba gari zima, Chevrolet walikuwa wakiiuza Corvette tangu mwaka 1953, lakini Roth aliiona kwa jicho la mtu maskini. Kitu chenye uwezo wa kufuata mkunjo wowote, kinachohitaji ndoo, brashi na mapafu yasiyo na hofu! Gari lake la kwanza la namna hiyo, Outlaw, lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lililofuata, Beatnik Bandit, ndilo nililokwenda kulitazama.

Lipo Reno, katika jimbo la Nevada, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Magari, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka Sacramento ukivuka milima. Binti yangu alinipeleka siku yake ya mapumziko, na baada ya nusu saa aliketi kwenye benchi akanisubiri. Ni gari dogo. Chini yake kuna chesisi ya Oldsmobile iliyofupishwa. Halina paa la kawaida. Lina kuba la plastiki angavu, na ndani hakuna usukani, kuna kijiti kimoja katikati ambacho dereva hukisukuma na kukivuta. Bodi yote ni umbo moja linalotiririka, wala huwezi kusema huu ni mlango, hili ni bawa. Roth alilijenga kwa plasta kwanza, akaliongeza na kulipunguza kwa mkono mpaka akaridhika, akalivika nyuzi za kioo na rezini, kisha plasta ikavunjwa na kutolewa. Hapakuwa na gari la kunakili. Kama kweli kuna kitu ndani ya kitabu cha Wolfe kinachostahili kuwekwa karibu na majina yale makubwa ya Ulaya, ni hiki, na sababu yake haipo kwenye rangi.

Lakini nilisimama pale nikikumbuka jambo jingine. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ilipoanza kuuza vigari vidogo vya Hot Wheels, Beatnik Bandit lilikuwa miongoni mwa 16 vya kwanza. Umbo lililochongwa mara moja kwa plasta likapata kalibu ya chuma, likatoka kwa wingi, likaingia mifukoni mwa watoto ambao hawangefika Reno kamwe. Je, hapo Roth alipungukiwa? Nilikuwa nimesimama mbele ya swali nililowahi kulijibu, miaka 31 nyuma, kwa kalamu nyekundu.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa chuo, na nilikuwa nikisimamia mwenyewe tathmini ya zana za kufundishia. Kila mwanachuo wa mwaka wa mwisho alitakiwa kuleta zana moja aliyoibuni na kuitengeneza. Tuliziweka kwenye meza ndefu za bwalo, nami nikapita na daftari. Mwanachuo mmoja kutoka Kigoma alileta ramani ya Tanzania yenye milima na mabonde, iliyofinyangwa kwa karatasi zilizorojwa na kuunganishwa kwa uji wa muhogo. Ilikuwa nzuri. Lakini hakuleta moja. Alileta 12, na zote zilifanana mpaka kwenye kidole cha mwisho cha Ziwa Nyasa. Nilimwuliza alizinakili wapi. Akaanza kueleza kwamba kalibu iko nje, ni ya saruji, nzito, ameshindwa kuipandisha ngazi, na kwamba shule aliyofanyia mazoezi ilikuwa na watoto 60 kwa darasa moja, sasa ramani moja ingeonwa na nani. Nilimkatiza. Nikamwambia nimetaka kazi ya ubunifu, sikutaka kiwanda. Nilimpa alama 35. Alirudia mwaka.

Sikutoka nje kuiangalia. Ngazi zenyewe zilikuwa tano.

Kalibu ile aliiacha, na angeibebaje hadi Kigoma. Ilikuwa na kingo kama sinia kubwa la harusi, kwa hiyo wapishi wa chuo wakaiona inafaa, wakaiweka nyuma ya jiko, wakaitumia kunyweshea kuku. Nimepita karibu nayo kila siku ya kazi kwa miaka 22 iliyofuata. Nilijua kuna sinia la saruji. Niliona kuwa maji hukauka kote isipokuwa kwenye kishimo kimoja upande wa juu, ambako kuku walisukumana, na kwamba katikati ya upande wa juu kuna kivimbe kama chapati. Sikuwahi kuinama. Ilikuwa pale Reno, mbele ya gari la mtu aliyeanza na plasta, ndipo nilipoelewa kuwa kishimo kile ni Kilimanjaro na kivimbe ni Ziwa Victoria. Kijana aliifinyanga nchi nzima kwa udongo, akaigeuza kinyume kwa saruji, kila mlima kuwa shimo na kila ziwa kuwa kilima, akailainisha kwa ndani ili karatasi iachie. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Zile 12 zilikuwa matunda yake.

Kwa hiyo simhukumu Wolfe kama mtu aliye juu yake. Yeye alisimama mlangoni akatoa alama nyingi mno, mimi nilisimama mlangoni nikatoa chache mno. Tofauti ni kwamba Barris hakuhitaji alama za Wolfe ili apate ajira.

Nilipotoka Marekani nilimtafuta mwanachuo yule kupitia walimu wenzake. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, amebakiza miaka michache astaafu. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, nikaeleza yote haya, pamoja na gari la Reno, ambalo sijui alilielewaje. Alinijibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Alinishukuru kwa kumkumbuka, akasema hajambo na familia haijambo. Kisha akauliza kama kalibu bado ipo. Nilikwenda chuoni kuangalia. Ipo, nikamjibu, ila upande wa Mtwara umevunjika, na ukitaka nitatafuta gari la kuileta.

Alisema nimletee.